Kiungo kimevimba, Dopla haionyeshi kitu

Swali: Dokta, mimi ni mama wa Kadutu, mjini Bukavu. Tangu miezi mitano vidole vya mikono yote miwili vinavimba, na asubuhi vinakaza zaidi ya saa moja. Nilipigwa radio (picha ya eksirei), wakaniambia mifupa ni mizima. Sasa wananituma ekografi (kipimo cha mawimbi ya sauti). Si kutupa feza?

Jibu: Pole sana, mama. Nenda. Radio huona mfupa, na uvimbe wako uko kwenye utando unaofunika kiungo kwa ndani. Siku radio itakapoonyesha kijishimo, mfupa utakuwa umekwisha kuliwa. Kwa hiyo radio safi katika miezi ya mwanzo haiondoi baridi yabisi. Ekografi huona utando ulionenepa, maji yaliyojaa ndani ya kiungo, na kwa Dopla, damu inayopita kwenye utando huo.

Omba na miguu ipimwe: kiungo kilicho chini ya kidole kidogo cha mguu mara nyingi huliwa mapema, hata kama hakiumi. Mtajie anayekupima dawa zote unazomeza, maana diklofenaki au ibuprofeni inaweza kupunguza alama za Dopla. Ila usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako mwenyewe.

Swali: Mimi ni fundi wa ekografi huko Bagira. Mgonjwa amevimba kiungo cha chini cha kidole cha shahada. Kwenye picha ya kijivu (ya kawaida, bila Dopla) utando ni mnene, lakini nikiwasha Dopla sioni hata nukta ya rangi. Mwezi uliopita mwenzangu alimwandikia daraja la 2 la Dopla. Nani amekosea?

Jibu: Huenda uvimbe umetulia, hasa kama ameanza dawa. Lakini kabla ya kuandika hivyo, ndugu, ukague mkono wako. Mishipa ya utando huu ni myembamba na damu yake huenda polepole. Sonda (kichwa cha mashine kinachogusa ngozi) ikikandamiza kidogo tu, mishipa hiyo inafungika. Mimina jeli nyingi hadi uone tabaka jeusi kati ya sonda na ngozi. Tabaka likipotea, unakandamiza. Kiganja kilale mezani, vidole vimelegea, kwa sababu kidole kilichokunjwa hukaza ngozi ya juu na kufukuza damu.

Kisha mashine. Nyingi zimepangwa kwa ajili ya tumbo na mimba. Chukua sonda iliyonyooka ya megahezi 10 hadi 18, chagua Dopla ya nguvu (power Doppler), shusha PRF (idadi ya mapigo ya sauti ambayo sonda hutuma kwa sekunde) hadi kati ya kilohezi 0.5 na 1, na kichujio kiwe cha chini kabisa. Pandisha geni (ukuzaji wa alama) mpaka nukta zianze kucheza hata ndani ya mfupa, halafu irudishe taratibu mpaka zitoweke. Hapo ndipo pa kupimia. PRF ikibaki juu kama ya mishipa mikubwa, kiungo kinachowaka kitaonekana kimezimika.

Na baridi: mtu aliyetoka kufua asubuhi kwa maji ya Bukavu ana mishipa iliyojikunja. Afunike mikono robo saa kwanza.

Madaraja ya Dopla ni haya. Daraja 0 ni bila alama. Daraja 1 ni nukta moja moja zisizozidi tatu, au madoa mawili yaliyoungana. Daraja 2 ni zaidi ya hapo, lakini chini ya nusu ya eneo la utando, na 3 ni zaidi ya nusu. Usihesabu nukta zilizo chini ya mstari wa mfupa, ni mwangwi tu. Wala zile zinazoruka mgonjwa anapotetemeka. Wala mshipa unaopita nje ya utando.

Muda ukiwa mfupi, watafiti wa Ujerumani walipendekeza mwaka 2009 kupima viungo saba vya upande unaoumia zaidi: kifundo cha mkono, viungo vya chini na vya kati vya kidole cha pili na cha tatu, na viungo vya chini vya kidole cha pili na cha tano cha mguu. Vya mguu vihukumu kwa uangalifu, maana hata mtu mzima wa afya anaweza kuwa na daraja 1 ya kijivu pale, yaani ya unene unaoonekana kwenye picha ya kijivu.

Mgonjwa huyu mrudie kwenye mashine ileile ya mwenzako, kwani mashine mbili hazina usikivu sawa. Kwenye ripoti andika PRF, geni, saa ya kipimo na dawa alizomeza. Na palipo na utando mnene bila nukta, andika yote mawili, kijivu 2 na Dopla 0, ili daktari asisome kwamba kiungo kimepona.