Je, muungano wa Barisan Nasional wa Malaysia "umeshinda kwa wingi wa kura"?

Swali: Ninaandika makala fupi kuhusu uchaguzi wa bunge wa Malaysia wa mwaka 2013. Nimeandika hivi: "Chama tawala cha Malaysia, Barisan Nasional, ambacho kinatawala nchi hiyo toka 1957, kimeshinda uchaguzi kwa wingi wa kura." Mhariri amenirudishia akisema sentensi ina makosa zaidi ya matatu, bila kuyataja. Sarufi naiona iko sawa. Kosa liko wapi? Na kundi la vyama vinavyotawala pamoja tuliite muungano, mseto au ushirika?

Jibu: Ni kweli, sarufi yako haina tatizo. Chama ni cha ngeli ya KI-VI, na vipatanishi vyote vimekaa mahali pake. Shida ni kwamba maneno uliyochagua yana maana ambayo msomaji anaijua vizuri, na maana hiyo hailingani na yaliyotokea Malaysia tarehe 5 Mei 2013. Tuanzie mwishoni mwa sentensi, maana kosa la hapo ndilo kubwa kuliko yote.

"Kwa wingi wa kura" ni kifungu tulichokizoea kutokana na uchaguzi wa rais. Huko kura za nchi nzima hujumlishwa kapu moja, na mwenye nyingi ndiye mshindi. Sasa tazama hesabu za Malaysia. Bunge lao lenye mamlaka ya kuunda serikali, Dewan Rakyat, lina viti 222. Barisan Nasional ilipata viti 133 na wapinzani wake wa Pakatan Rakyat wakapata 89. Lakini kwa kura, Pakatan Rakyat ilipata karibu asilimia 51 na Barisan Nasional karibu asilimia 47. Wingi wa kura, kwa hiyo, ulikuwa kwa walioshindwa. Sentensi yako imewapa washindi kitu wasichokuwa nacho, tena ndicho hasa kilichozua ubishi mkubwa baada ya uchaguzi ule.

Inakuwaje? Kila jimbo lina kiti kimoja, na anayeongoza kwa kura jimboni hukichukua hata kama hakufikisha nusu. Kura zinazozidi pale alipokwisha kushinda hazihamii kokote. Halafu majimbo hayalingani: mwaka ule Kapar ilikuwa na wapigakura wapatao 144,000, na Putrajaya haikufika 16,000. Yote mawili yalikuwa na kiti kimoja kimoja. Kura ya Putrajaya ilikuwa na uzito wa karibu mara tisa ya kura ya Kapar.

Andika basi "kwa wingi wa viti", au uwe wazi zaidi: "umepata viti 133 kati ya 222". Ukitaka kueleza hali ya upinzani, Kiswahili cha Tanzania kimekuandalia usemi mzuri. Mgombea aliyeshindwa huambiwa "kura hazikutosha". Kwa Pakatan Rakyat tunaweza kuugeuza usemi huo na ukabaki wa kweli: kura zilizidi, viti ndivyo havikutosha. Msomaji ataelewa mara moja, bila kuhitaji aya nzima ya maelezo.

Ukiwa hapo hapo, jihadhari na "ushindi wa kishindo". Wengi huuandika kila mshindi anapotangazwa, kana kwamba ni pambo tu la neno ushindi. Kishindo ni sauti ya kitu kizito kinapoanguka. Ushindi wa kishindo ni ule unaomwacha mpinzani hoi. Mwaka 2004 Barisan Nasional ilipata viti 198 kati ya 219, na hicho kilikuwa kishindo. Mwaka 2013 ilivuka nusu, ambayo ni viti 112, lakini ilipungukiwa viti 15 kufikia theluthi mbili, yaani 148, kiwango kinachohitajika kwa sehemu kubwa ya mabadiliko ya katiba. Huo ni ushindi wa kutosha kuunda serikali. Wa kishindo haukuwa.

Kuna vihusishi viwili vidogo vinavyopotosha matokeo kila msimu wa uchaguzi: *kwa* na *hadi*. Mwaka 2008 Barisan Nasional ilikuwa na viti 140. Mwaka 2013 vikawa 133. Viti vilipungua kwa 7, vikapungua hadi 133. Ukiandika "vilipungua kwa 133" umebakiza muungano na viti saba, na kosa hilo hupita machoni kirahisi kwa sababu sentensi yenyewe inasomeka vizuri. Asilimia nazo zinataka uangalifu wa aina hiyo. Saba katika 140 ni asilimia 5, hivyo "viti vyake vilipungua kwa asilimia 5" ni sawa. Lakini sehemu yake ya bunge lote ilitoka karibu asilimia 63 hadi karibu asilimia 60. Anayeandika "ilipungua kwa asilimia 3" bila kusema ni asilimia ya nini atabishana bure na anayeandika 5, na wote wawili wana hesabu sahihi. Dawa yake ni kutaja namba zote mbili, ya mwanzo na ya mwisho, ukamwachia msomaji tofauti.

Sasa "chama". Barisan Nasional si chama kwa maana tunayoitumia tunaposema CCM ni chama. Ni kundi la vyama, na kilicho kikubwa kati yake, UMNO, kilipata viti 88 peke yake. Hakikukaribia 112. Kwa hiyo hakuna chama hata kimoja kilichoshinda uchaguzi ule. Vyama vilivyoungana ndivyo vilivyoshinda. "Chama tawala" hapa kinaficha jambo la msingi. Andika "muungano tawala" au "vyama tawala". Na uone kwamba *tawala* haibadiliki: ni mzizi wa kitenzi unaotumika kama kivumishi, kwa hiyo hatusemi "vyama vitawala". Ukitaka upatanisho, tumia kirejeshi: chama kinachotawala, vyama vinavyotawala, muungano unaotawala.

Kuhusu muungano, mseto na ushirika, jibu langu ni muungano, na sababu ni hii. Barisan Nasional huungana kabla ya kura kupigwa. Vyama vyake hugawana majimbo ili visigombane vyenyewe kwa vyenyewe, na wagombea wake wote husimama kwa alama moja, mizani. Hayo ndiyo Wakenya wanayoyaita muungano wanapotaja Kenya Kwanza au Azimio. Mseto ni jambo jingine. Neno lenyewe linatoka jikoni, chakula cha nafaka na kunde zilizopikwa chungu kimoja, na katika siasa linafaa pale vyama vilivyoshindana vinapoketi baadaye kugawana wizara. Serikali ya mseto ya Kenya ya mwaka 2008 ni mfano kamili: waliokuwa wakipingana waliishia katika baraza moja la mawaziri. Ukiita Barisan Nasional mseto, msomaji wa Kenya atadhani iliundwa baada ya matokeo ili kumaliza mgogoro.

Ushirika uuache kwa wakulima na akiba na mikopo; "chama cha ushirika" kimeshalikamata neno hilo. Umoja si vibaya, na Watanzania wanaukumbuka katika Ukawa, Umoja wa Katiba ya Wananchi, wa uchaguzi wa mwaka 2015. Ila kwa msomaji wa Tanzania zingatia herufi: Muungano kwa herufi kubwa ni ule wa Tanganyika na Zanzibar. Katikati ya sentensi andika "muungano wa vyama" mara ya kwanza, kisha "muungano" kwa herufi ndogo utatosha.

Ukishataja jina, vipatanishi vinafuata neno linaloongoza. "Muungano wa Barisan Nasional umeshinda", lakini "Barisan Nasional imeshinda", kwa kuwa jina la kigeni la taasisi likisimama peke yake huingia ngeli ya I-ZI. Chagua moja, uishikilie mpaka mwisho wa aya. Kinachoudhi ni kuona "umeshinda", "imeshinda" na "wameshinda" katika mistari mitatu inayofuatana juu ya kundi lilelile.

Tuje kwenye "kinatawala toka 1957". Toka na tangu hutumika zote mbili. Kwa maandishi rasmi chagua *tangu*. Lakini mwaka 1957 wenyewe haukai pale. Iliyopata uhuru tarehe 31 Agosti 1957 ni Malaya. Malaysia ilizaliwa tarehe 16 Septemba 1963. Na waliotawala kuanzia uhuru walijiita Perikatan, muungano uliotangulia. Barisan Nasional iliundwa mwaka 1973 kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana ni lazima upime unachohesabu. Kuanzia uchaguzi mkuu wa 1959 hadi ule wa 2013 ni chaguzi 13, na zote zilishindwa… hapana, usiandike hivyo! "Chaguzi zote zilishindwa" kitasomeka kwamba chaguzi zenyewe zilifeli. Andika "Perikatan na mrithi wake walishinda chaguzi zote 13". Kwa jina la Barisan Nasional ni 10 tu, kuanzia 1974.

Herufi hiyo moja, *w* ya kutendwa, inahitaji jicho la pili kila unaposoma rasimu. *Ulioshinda* na *ulioshindwa* vimeachana kwa w tu. Zaidi ya hapo, kushindwa kukifuatwa na kitenzi hugeuka kuwa kutoweza: "upinzani umeshindwa kuunda serikali" ni kusema haukuweza, na "upinzani umeshindwa" ni kusema umepigwa kwenye uchaguzi. Ukimtaja aliyempiga, weka *na*: "umeshindwa na Barisan Nasional". Kwa viti ni salama zaidi kusema "umepata viti 89", maana kupata hakubishaniwi na mtu.

Nyakati nazo zimejificha kwenye kirejeshi. Kwa mwandishi wa Mei 2013, "muungano unaotawala" ulikuwa sahihi. Wewe unaandika sasa, na Barisan Nasional ilishindwa uchaguzi wa tarehe 9 Mei 2018 ilipobaki na viti 79. Kwa hiyo andika "uliokuwa ukitawala". Na ukihitaji kusema jambo lilianza zamani na bado linaendelea, hali ya -me- haipokei kirejeshi cha kati, hakuna "umeotawala". Hapo ndipo *amba-* inapofanya kazi yake ya halali: "ambao umekuwa ukitawala tangu…". Watu wengi humwaga *amba-* kila mahali, pamoja na pale ambapo "unaotawala" ingetosha, kisha wanaambiwa waiepuke kabisa. Hapa huwezi kuikwepa.

Hujaniuliza juu ya *jimbo*, lakini utalihitaji katika aya yako ya pili. Tanzania, jimbo ni eneo linalochagua mbunge mmoja. Kenya huliita eneo bunge. Malaysia ina majimbo 222 ya aina hiyo, na pia ni shirikisho la sehemu 13 zenye mabaraza yao ya kutunga sheria, ambazo nazo watu huziita majimbo. Mwaka 2013 mabaraza 12 kati ya hayo yalichaguliwa siku ileile ya kura za bunge. Sarawak peke yake haikuwamo. Mwandishi akisema "upinzani ulishinda majimbo matatu" hatujui kama ni wabunge watatu au serikali tatu. Njia iliyo wazi ni "jimbo la uchaguzi" kwa kiti cha ubunge, na "jimbo la Selangor", kwa jina lake, unapotaja sehemu ya shirikisho. Vilevile ukisema "uchaguzi mkuu", ongeza mahali fulani kwamba hakuna kura ya rais: Malaysia ina mfalme, na waziri mkuu, wakati ule Najib Razak, hutokana na wabunge.

Na ukitaja mahudhurio, andika "karibu asilimia 85 ya waliojiandikisha". Si asilimia 85 ya Wamalaysia. Umri wa kupiga kura wakati huo ulikuwa miaka 21, na kujiandikisha kulikuwa hiari.

Kuna kitu cha kupendeza katika jina la bunge lao. *Dewan* ni ndugu wa diwani wetu, na *rakyat* ni ndugu wa raia. Kimalay na Kiswahili vimechota kisima kimoja cha Kiarabu. Ukitafsiri Dewan Rakyat kuwa "Baraza la Raia", hujalazimisha kitu.

Sentensi yako, basi, inaweza kusimama hivi: "Barisan Nasional, muungano wa vyama uliokuwa ukitawala Malaysia tangu 1973 kwa kurithi ule wa Perikatan, ilishinda uchaguzi wa bunge wa tarehe 5 Mei 2013 kwa viti 133 kati ya 222, ingawa kura nyingi zaidi zilikwenda kwa upinzani." Ukiihitaji ndefu kidogo, weka zile asilimia 47 na 51 mwishoni.

Kwa kichwa cha habari utapenda wakati wa -a-, ambao hubana maneno. U na a huzaa *wa*, hivyo "Muungano tawala washinda Malaysia". Ukianza na jina, i na a huzaa *ya*: "Barisan Nasional yashinda viti, yazidiwa kura".