Ana Divisheni Three na F ya Fizikia: ataupata udaktari?

SWALI: Binti yangu amemaliza kidato cha nne, kapata Divisheni III ya pointi 24. Anataka udaktari. Chuo kimoja kimetupigia simu kikisema nafasi ya utabibu ipo, tulipe ada mapema. Shangazi yake anasema aende kidato cha tano. Tufanye lipi? – Mama, Morogoro

JIBU: Mama, hongera kwa binti. Ada msilipe kwanza.

Divisheni haiwaambii mengi. Kilichoniambia habari yake ni ule mstari wa matokeo ulioninakilia: CIV D, HIST C, GEO C, KISW C, ENGL D, PHY F, CHEM D, BIO C, B/MATH F. Pointi 24 zimetoka kwenye masomo saba bora, C nne na D tatu. F mbili, za Fizikia na Hisabati, hazikuhesabiwa, ila ndizo zitakazomsumbua.

Diploma ya utabibu, ile ya ma-CO (clinical officers, yaani matabibu), inataka angalau D nne za masomo yasiyo ya dini, na ndani yake lazima ziwepo Kemia, Biolojia na Fizikia. Fizikia hana. Chuo kinachompokea hivyo hivyo kinawapotezea pesa. Hata bila hilo, kabla ya kulipa popote hakikisheni NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na vya diploma, limekisajili chuo, tena kwa kozi hiyohiyo.

Shangazi hajakosea sana: C tatu anazo na pointi hazijavuka 25, kwa hiyo anaweza kupangiwa kidato cha tano. Lakini kwa alama hizi HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili) ndiyo inayomkaa vizuri, na HGK haifiki hospitali.

Mimi ningemrudisha kwenye mtihani, arisiti Fizikia NA Hisabati. Hisabati mtashangaa, maana utabibu hauidai. Itadaiwa baadaye: CO mwenye GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.0 anaruhusiwa kuomba shahada ya udaktari, ila anaulizwa D za kidato cha nne za Hisabati, Fizikia, Kemia, Biolojia na Kiingereza. Nimekaa na ma-CO wazuri, wana miaka kazini, wanarudi kusoma milinganyo ya kidato cha pili kwa sababu ya F hiyo moja. Afadhali aimalize sasa, vitabu bado viko mezani.

Ajisajili NECTA, Baraza la Mitihani, kama mtahiniwa wa kujitegemea mapema mwaka huu, kwenye kituo chenye maabara, kwa sababu Fizikia ina vitendo. Mtihani ni Novemba. Akiomba chuo atajaza namba zote mbili, ya S ya shule na ya P ya kujitegemea.

Kama mwaka mmoja nyumbani hauwezekani, aulizie diploma ya famasi, ambayo msingi wake ni Kemia na Biolojia, na zote mbili anazo. Ila muulizeni kwanza kama anaipenda, maana ni miaka mitatu.