Maneno yakikuishia kwenye maombi: Roho yuko upande wa pili wa mzigo

Mpendwa, Bwana asifiwe. Umeuliza mambo mawili. La kwanza: ukipiga magoti, dakika mbili hazipiti maneno yamekwisha na akili imeshahamia kwenye ada za watoto, je, maombi ya namna hiyo yanafika? La pili: umtafute mtumishi "mwenye nguvu" akuombee kwa sadaka maalumu? Naanza na la pili, maana likikaa vibaya hata la kwanza halitanyooka.

Kwa agizo la Mambo ya Walawi 16, nyuma ya pazia la Patakatifu pa Patakatifu aliingia kuhani mkuu peke yake, mara moja kwa mwaka, tena na damu. Wengine wote walibaki nje. Yesu alipokata roho, pazia la hekalu lilipasuka vipande viwili, toka juu hata chini (Mathayo 27:51). Ndiyo maana Waebrania 4:16 inatuita tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri, na Waefeso 2:18 inasema sisi sote tunamkaribia Baba kwa Kristo, katika Roho mmoja. Kisha soma polepole Yohana 16:26-27. Yesu anawaambia wanafunzi wataomba kwa jina lake, halafu anawapa sababu: Baba mwenyewe awapenda. Mlango huu hauna dalali. Anayekutoza hela ili akufikishie ombi anakuuzia haki uliyonayo tayari kama mtoto wa nyumba. Kuombewa na ndugu au wazee wa kanisa ni jambo jema sana, na Yakobo 5:14 inaagiza mgonjwa awaite wazee. Bei haikutajwa.

Kuomba "kwa jina la Yesu" nako tusikufanye kama muhuri wa kugonga mwisho wa barua. Maana yake umeingia kwa kibali chake na unaomba kitu ambacho yeye angeweza kukitia sahihi. Maneno hayo yaseme mwanzoni, uone inavyobadilisha orodha yako.

Sasa hilo la maneno kuisha. Warumi 8:26 inasema Roho hutusaidia udhaifu wetu, kwa maana hatujui kuomba jinsi itupasavyo. Paulo amejihesabu humo: "hatujui". Basi kukwama kwako si ushahidi kwamba huna Roho. Mstari umeandikwa kwa ajili ya waliokwama. Na kitenzi cha Kigiriki kilichotafsiriwa "hutusaidia" kinapatikana mara mbili tu katika Agano Jipya lote: hapo, na Luka 10:40, Martha anapolalamika kwamba Mariamu aambiwe amsaidie kazi. Ni kushika mzigo pamoja na mwenzako, yeye upande huu, wewe ule. Aliyewahi kuteka maji anajua: ndoo ya lita 20 ikijaa, kujitwika peke yako ni shida, unamwita mwenzako akutwike. Yeye anashika ukingo mmoja, wewe mwingine, inapanda. Ukiiachia kabisa haipandi. Roho haombi ili wewe ukalale, wala hakungoji uinyanyue kwanza mwenyewe.

Tazama na mistari ya jirani. Mstari wa 22 viumbe vyote vinaugua, wa 23 sisi tunaugua, wa 26 Roho anatuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Halafu mstari wa 34 Kristo yuko mkono wa kuume wa Mungu, naye anatuombea. Mwombezi mmoja ndani yako, mwingine mbele za Baba. Ukitoa "Ee Baba" moja tu na machozi, haikwenda peke yake. Na kwa kuwa kuugua huko hakutamkiki, asiyenena kwa lugha (kuomba kwa maneno ya lugha asiyoijua) asijione amebaki nje.

Kwa vitendo, fanya hivi kwa wiki mbili. Tenga dakika 15, simu iache chumba kingine (kuizima sauti hakutoshi, mkono utaifuata). Omba kwa sauti ya chini inayosikika masikioni mwako; maombi ya kichwani tu ndiyo yanayopotea njia upesi. Ukiwa mtu wa kusinzia, usipige magoti usiku wa manane baada ya zamu. Omba ukitembea, au asubuhi kabla ya chai.

Kisha azima maneno. Chukua Zaburi 13, ina mistari 6 tu. Soma mstari wa 1 na wa 2, ambamo Daudi anauliza "hata lini" mara nne. Simama hapo, weka "hata lini" yako mwenyewe, kwa jina lake halisi: deni la nani, ugonjwa upi. Mistari ya 3 na 4 ndiyo ombi. Omba jambo moja, si kumi. Mstari wa 5 na wa 6 unahamia kwenye fadhili za Mungu. Watu wengi huruka hapa kwa haraka wakidhani ni lazima wajisikie furaha ndipo waseme. Si lazima. Sema, "nimezitumainia fadhili zako," hata moyo ukiwa mkavu, maana unazungumzia fadhili zake, si hali yako.

Ada za watoto zikiingia katikati, usipigane nazo. Ziombee hapo hapo kwa sentensi moja, rudi kwenye mstari ulioachia. Majina ya watu yagawe kwa siku, matano yanatosha; andika kwenye daftari tarehe na ombi, uache nafasi pembeni ya kuandika lililotokea, hata kama jibu ni "hapana". Paulo aliomba mara tatu "mwiba" wake, yaani taabu iliyomsumbua mwilini, uondoke, akapewa neema badala yake (2 Wakorintho 12:8-9).

Linaloharibu zaidi ni kupima. Mkesha mmoja jirani analia na kutetemeka, wewe umekaa kama jiwe, unahitimisha kwamba Roho amekupita. Warumi 8 haitaji mtetemeko. Au unarefusha ukiamini wingi wa maneno utamsukuma Mungu, jambo ambalo Yesu alilikataza wazi kwenye Mathayo 6:7, na hapo hapo akafundisha sala inayokwisha chini ya dakika moja.

Ukifika siku ambayo hata Zaburi 13 ni nzito, fungua ya 88. Ina mistari 18, na inaishia gizani bila kugeukia sifa. Isome kwa sauti hadi mwisho, useme "Aba", yaani Baba, ukae kimya dakika zilizobaki.