Kioo Kinachokataa Kidole: Majibu kwa Wenye Simu Mpya za Kupangusa

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu waliohama kutoka kitochi kwenda simu ya kupangusa, au waliomnunulia mzazi. Tumechagua tano, zote za simu za Android. Majina ya vipengele yanaweza kutofautiana kidogo kati ya kampuni na kampuni. Usipokiona kipengele, andika neno lake kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu kabisa ya Mipangilio.

Swali: Shikamooni. Tumemnunulia mama mkwe simu ya kupangusa. Sisi tukiishika inatii, yeye akigusa inagoma. Kubwa zaidi ni kupokea: inaita, anabonyeza alama ya kijani kwa nguvu zote, haipokei mpaka inakata. Siku nyingine inapokea vizuri tu. Pia alama ya WhatsApp inapotea kila mara. Tuirudishe dukani? – Msomaji, Makambako

Jibu: Marahaba. Msiirudishe bado. Tuanze na kupokea. Kwenye simu nyingi, simu ikiita huku kioo kimefungwa, ile alama ya kijani haitaki kuguswa, inataka kupanguswa: unaweka kidole juu yake na kukiburuta kuelekea juu au pembeni bila kukinyanyua. Lakini ikiita wakati kioo tayari kimefunguliwa, kinatokea kibango kidogo juu chenye kitufe cha kupokea, na hicho kinataka kuguswa mara moja. Ndiyo maana siku nyingine inapokea na siku nyingine inagoma. Mama wala hakosei, simu ndiyo ina tabia mbili.

Kwa Samsung kuna njia ya mkato inayowafaa wazee sana. Fungua programu ya kupigia simu, gusa vidoti vitatu, ingia kwenye Mipangilio, halafu sehemu ya kujibu na kukata simu. Washa kupokea kwa kitufe cha kuongeza sauti na kukata kwa kitufe cha pembeni. Hapo anarudi kwenye vitufe alivyovizoea. Kwa simu nyingine nyingi, angalieni kwenye Mipangilio, ndani ya Ufikivu (Accessibility): kuna swichi ya kukata simu kwa kitufe cha kuwashia.

Sasa hilo la kubonyeza kwa nguvu. Kitufe cha kitochi kinataka msukumo. Kioo hiki hakipimi msukumo, kinapima umeme. Chini yake kuna wavu wa nyuzi nyembamba mno zisizoonekana, kwa kawaida za oksidi ya indiamu na bati, zenye chaji ndogo. Kidole kina maji na chumvi, kwa hiyo kinapitisha umeme. Kikisogea, kinabadilisha chaji ya pale kilipotua na simu inajua mahali. Ukikandamiza zaidi huongezi kitu isipokuwa muda, na muda ndio unaoharibu. Kidole kikikaa nusu sekunde hivi, simu haihesabu tena kuwa umegusa, inahesabu kuwa umeshikilia. Alama ikishikiliwa inafungua menyu ndogo, au inang'oka na kuburutwa hadi ukurasa mwingine. WhatsApp yake haijapotea, imehamishwa.

Ingieni Mipangilio, kisha Ufikivu, mtafute muda wa kugusa na kushikilia. Kuna fupi, wastani na ndefu. Ndefu ni kama sekunde moja na nusu, wekeni hiyo. Halafu shikilieni sehemu tupu ya skrini ya kwanza, fungueni mipangilio yake, na kama kuna swichi ya kufunga mpangilio wa skrini, iwasheni. Alama hazitahama tena.

Linabaki suala la ngozi. Mkono wa jembe una sugu, na sugu ni ngozi kavu, nene, isiyopitisha umeme vizuri. Ukucha haupitishi kabisa. Mpime mama kwa kidole cha pete, kile kisichofanya kazi nzito, akigusa kwa nyama ya kidole na si kwa ncha. Kikitii, jibu mmelipata. Losheni kidogo isuguliwe mpaka iingie, au apulize pumzi kidoleni kabla ya kugusa. Unyevu mdogo unatosha. Vaselini iliyopakwa nzito haisaidii, inachafua kioo tu. Mikono yenye maji ni mbaya vilevile, maana kila tone kioo kinaweza kulisoma kama kidole.

Kisha angalieni protekta. Ya kioo ya kawaida ina unene wa karibu milimita 0.33 na haisumbui ikiwa imeshikana na kioo sehemu yote. Zinazosumbua ni zile za bei ya chini zenye gundi pembezoni tu. Katikati kunabaki hewa, na kidole cha sugu kinakuwa mbali zaidi na wavu. Itazameni kwa kuiinamisha kwenye mwanga: mkiona kivuli cha upinde wa mvua au kiputo katikati, ibandueni mjaribu bila hiyo. Samsung na wengine wachache wana swichi ya kuongeza wepesi wa mguso, iko kwenye mipangilio ya skrini, imewekwa kwa ajili ya protekta na glavu. Iwasheni.

Alama ya kidole kufungulia simu, kwa mkono huo, msiitegemee. Wekeni namba ya siri, au msajili kidole kilekile mara mbili, mara ya pili mkikilaza kwa pembe nyingine.

Swali: Simu yangu ina wiki tatu. Nikiichomeka kwenye chaja inajibonyeza yenyewe: inafungua programu, inaandika herufi ovyo, juzi ilimpigia bosi saa tano usiku. Nikichomoa inatulia. Fundi wa mtaani anasema kioo kimekufa, nibadilishe. – Msomaji, Morogoro

Jibu: Kwa bosi tunakupa pole. Kioo, kwa maelezo yako, hakijafa. Kingekuwa kimekufa kingeendelea kujibonyeza hata baada ya kuchomoa.

Chaja ya bei ya chini haichuji umeme wa ukutani vizuri. Mtetemo unapita kwenye waya hadi mwilini mwa simu, na kwa kuwa kioo kinapima mabadiliko madogo sana ya chaji, kinaushika mtetemo huo kama vidole. Jaribu kwa mpangilio huu. Kwanza, chaji kwa pawabenki, ambayo haigusani na umeme wa ukutani. Ikitulia, kosa ni chaja au umeme. Pili, tumia chaja iliyokuja na simu, au ya mtu mwingine ya kampuni hiyohiyo, ukiwa na waya uleule. Tatu, badili waya. Kwa jaribio hilo la dakika kumi utajua cha kubadilisha, na chaja ni ya bei ndogo kuliko kioo kwa mbali.

Ukitaka kuona kwa macho, nenda Mipangilio, Kuhusu simu, uguse Nambari ya muundo mara 7 mfululizo (simu nyingine hutumia jina la toleo la programu yake). Hapo ndani ya Mipangilio inaongezeka menyu ya Chaguo za wasanidi programu; humo washa kipengele cha mahali pa kiashiria. Kila mguso utachora mstari. Weka simu mezani, usiiguse: mistari ikijichora ikiwa kwenye chaja tu, ni chaja. Kipengele hichohicho kinafaa kwa anayedhani sehemu ya kioo haisikii. Pangusa polepole kutoka pembe hadi pembe. Mstari ukikatika kila mara mahali palepale, hapo wavu umekatika. Ukimaliza, kizime.

Mistari ikijichora hata bila chaja, bandua protekta, futa kioo kwa kitambaa kikavu, toa kava. Ikiendelea, itazame simu kwa ubavu. Kioo kikiwa kimenyanyuka upande mmoja, huenda betri imevimba na inakisukuma. Hapo acha kuchaji, izime, irudishe ulikonunua. Na kwa simu ya wiki tatu, usimruhusu mtu wa kando ya barabara aifungue. Akishaifungua, dhamana unaweza kuisahau.

Swali: Muuzaji ameniambia nichaji simu mpya saa nane kabla ya kuiwasha. Ni lazima? – Msomaji, Tanga

Jibu: Hapana. Ushauri huo ni wa betri za nikeli za zamani. Betri ya lithiamu inatoka kiwandani na chaji kiasi, na simu inakata yenyewe ikijaa. Jambo la kuangalia ni nguvu ya chaja. Betri ya mAh 5000 inabeba karibu saa-wati 19. Chaja iliyoandikwa OUTPUT 5V 1A inatoa wati 5, kwa hiyo ukihesabu na kinachopotea kama joto, itachukua saa tano hivi. Ukitumia ile ya kitochi yenye nusu ampia, ni usiku kucha. Inayoichosha betri ni joto, kwa hiyo usichaji chini ya mto wala kwenye dashibodi juani.

Swali: Naweka bando la GB 1, sijafungua video hata moja, jioni halipo. – Msomaji, Mombasa

Jibu: Simu mpya ina njaa siku zake za kwanza. Programu zilizokuja nayo zote zinataka toleo jipya kwa wakati mmoja, na hilo peke yake linaweza kumaliza GB 1. Fungua Play Store, gusa picha yako pembeni juu, Mipangilio, mapendeleo ya mtandao, uchague programu zisasishwe kwa Wi-Fi pekee. Kwenye WhatsApp ingia Mipangilio, Hifadhi na data, na sehemu ya kupakua kwa data ya simu uondoe alama zote: picha, sauti, video, hati. Magrupu ya harusi na msiba ndiyo yanayokula huko. Kwenye programu ya Picha ya Google, zima kuhifadhi nakala kwa data ya simu. Mwisho washa Kiokoa Data. Kumjua mwizi mwenyewe, angalia matumizi ya data kwenye mipangilio ya mtandao: programu zimepangwa kuanzia mlaji mkubwa.

Swali: Simu niliyonunua mpya imejaa majina ya watu nisiowajua. Kuna "Fundi Bomba", "Baba Mwenye Nyumba", "Usipokee". Muuzaji ndiye aliyeniwekea kila kitu. Je, nimeuziwa simu iliyotumika? – Msomaji, Kigamboni

Jibu: Si lazima iwe imetumika. Inaelekea muuzaji ameingiza akaunti moja ya Google, yake, kwenye simu za wateja kadhaa ili asipoteze muda kuwafungulia kila mmoja ya kwake. Majina yanayohifadhiwa kwenye akaunti hiyo yanasambaa kwa simu zote zilizo nayo. Kwa hiyo kumbuka kwamba wao pia wanaweza kuwa wanayaona ya kwako.

Majina ndiyo madogo. Mwenye nywila ya akaunti hiyo anaweza kutafuta simu yako ilipo, kuifunga au kuifuta akiwa mbali. Na siku ukisahau namba ya siri, fundi akaifuta kwa vitufe, simu itadai akaunti ileile ya mwanzo kabla ya kufunguka. Kinga hiyo iliwekwa dhidi ya wezi tangu Android 5.1 mwaka 2015, ila haitofautishi mwizi na wewe usiyeijua nywila.

Fanya hivi, na usiruke hatua. Ingia Mipangilio, Nenosiri na akaunti, ongeza akaunti mpya yako mwenyewe, kwa laini yako. Fungua Anwani, chagua majina yako tu, yahamishe kwenye faili, kisha ulipakie faili hilo ukichagua akaunti mpya. Fungua Anwani tena uchuje kwa akaunti yako, uhakikishe yapo yote. Sasa yafute majina yako kwenye akaunti ya muuzaji. Ya wengine usiyaguse, maana ukiyafuta kwako yanafutika na kwao. Kama picha zako zilikuwa zinahifadhiwa huko, pakua zilizomo kabla hujaendelea. Ndipo urudi kwenye akaunti, uguse ile ya muuzaji, uchague Ondoa akaunti.

Kuhusu upya wake, piga *#06#. Namba ya IMEI, yaani ya utambulisho wa simu yenyewe, yenye tarakimu 15 itatokea. Ilinganishe na iliyo kwenye boksi na kwenye risiti. Kwa Tanzania, itume pia kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 uone mfumo wa TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) unasema ni simu ya aina gani. Ikijibu jina la simu nyingine kabisa, hapo sasa una sababu ya kurudi dukani, na boksi mkononi.