Joe Harriott hakumuiga mtu

Swali lenu la wiki hii ni mwanamuziki gani wa zamani kafariki bila kupewa haki yake, mi jibu langu ni Joe Harriott, mpiga saksafoni ya alto wa jazi wa Uingereza, na najua wengi hamjawahi kumsikia ndo maana naandika kirefu kidogo.

Kazaliwa Kingston, Jamaika, 1928, akalelewa na masista wa Kikatoliki pale Alpha Boys School, shule ya yatima na watoto wa maskini iliyotoa wapulizaji wakali kibao, kina Don Drummond na Tommy McCook wa ska, muziki wa Jamaika, nao walipita hapohapo. 1951 akaenda Uingereza na bendi, akabaki London. Mwanzoni alipiga bebop, ile jazi ya kasi ya kina Charlie Parker wa Marekani, na aliiweza kwelikweli, angetaka angeishi kwa hiyo tu.

Sasa mwishoni mwa miaka ya 50 akaugua mapafu akalazwa, na akiwa kitandani ndo akaanza kuwaza jazi ya aina nyingine. Alivyoieleza mwenyewe, jazi ina vitu vyake vya kawaida, mapigo yasiyobadilika, melodia, mfuatano wa chords (sauti zinazopigwa pamoja) unaotabirika, mgawanyo wa wimbo kwa vipande vilivyopimwa, basi kwenye kila wimbo yeye na wenzake wanabakisha angalau kimoja na wakijisikia vingine vyote wanavitupa. 1960 wakarekodi Free Form, halafu ikafuata Abstract ambayo jarida la DownBeat la Marekani liliipa nyota tano, na hicho kwa jazi ya Uingereza hakikuwa kitu kidogo.

Kinachoniuma ni kwamba mpaka leo kuna watu wanamuita Ornette Coleman wa Uingereza, yaani wanamfananisha na yule mpiga saksafoni Mmarekani aliyesifika kwa jazi huru, kana kwamba Harriott alikaa London anasubiri sahani za muziki za Marekani zifike ndo anakili. Jamani sikilizeni kwa masikio yenu! Coleman kwenye kwateti yake, kundi la watu wanne, alitoa piano kabisa, Harriott aliibakiza, mpiga piano Pat Smythe yupo mle ndani anaingia na kutoka, Coleridge Goode na besi yake, Shake Keane na tarumbeta (huyu alikuwa mshairi pia, kutoka kisiwa cha St Vincent huko Karibi), na mpiga dramu, yaani ni watu watano wanaongea kwa pamoja, hakuna anayesubiri zamu ya solo, mmoja akinyamaza ukimya wake nao ni sehemu ya maongezi. Hiyo ni fikra yake mwenyewe. Angekuwa New York angepewa vitabu na makala, lakini Mjamaika mweusi kwenye London ya wakati ule nani angekubali kwamba kabuni kitu?

Na hakuishia hapo, katikati ya miaka ya 60 akashirikiana na John Mayer, mpiga fidla mzaliwa wa Calcutta, wakachanganya jazi na raga, yaani mitindo ya melodia ya Kihindi, gitaa la sitar na ngoma za tabla humo humo, albamu Indo-Jazz Suite ikatoka 1966.

Baada ya hapo kazi zikapungua, hela hakuna, miaka ya mwisho anahamahama hana makazi ya kueleweka. Kansa ikamuua Southampton tarehe 2 Januari 1973 akiwa na miaka 44 tu. Heshima imekuja polepole sana, mpiga saksafoni Mmarekani Ken Vandermark akaja kurekodi albamu nzima ya nyimbo zake, na vijana weusi wanaopiga jazi London sasa hivi wanapita njia aliyoifyeka yeye. Ukitaka kuanza anza na Abstract, sio Free Form, na usiiweke huku unafanya kazi nyingine maana itakupita.