Ukipata kisu cha zamani, msasa uwe wa mwisho

Kisu cha kwanza kuletewa na mtu baki nikisafishe kilikuwa Okapi, kisu cha mkunjo cha mfukoni. Mpini wake wa mbao ulikuwa umepauka, na zile nyota na mwezi vya bati vilivyopigiliwa ubavuni vimefunikwa na uchafu mweusi. Mwenyewe alikuwa mzee aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya mkonge huku Tanga, na kisu hicho alikuwa nacho tangu ujana wake. Nilikaa nacho siku mbili. Nikaanza na msasa namba 120, nikapanda 240, 400, 600, hadi bapa likawa kama kioo. Mzee alipokuja alikigeuzageuza, akapitisha kidole gumba karibu na mpini, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, maandishi yake yako wapi?"

Maandishi nilikuwa nimeyafuta. Mzee hakugomba. Alinilipa, akakitia mfukoni, akaenda zake. Mimi ndiye niliyebaki na lile swali, na kila anayekuja kujifunza kazi hii kwangu namwanzia hapo: chuma ulichokiondoa hakirudi. Kutu iliyobaki leo unaweza kuitoa kesho, lakini bapa ulilolila kwa msasa hakuna dawa itakayolijaza.

Maandishi yale si pambo. Okapi zilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, zikikusudiwa kuuzwa kwenye makoloni yake ya Afrika. Jina lilitolewa kwa mnyama wa misitu ya Ituri, Kongo, ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa wamemtambua mwaka mmoja tu nyuma. Mwaka 1988 utengenezaji ulihamia Afrika Kusini, na huko ndiko zinakotoka hadi leo. Kwa hiyo jina la nchi lililogongwa kwenye bapa ndilo linalokuambia kama umeshika kisu cha zama za mkonge au cha juzi. Ukilifuta, umefuta umri wake.

Sasa tuingie kazini. Siku ya kwanza usikwangue chochote. Fungua kisu kama kinafunguka, kipeleke kwenye mwanga wa dirishani, ukitazame. Unatafuta mambo mawili. La kwanza, ni chuma cha aina gani. Visu vya kijeshi vya Uswisi, kama Victorinox, ni vya chuma kisichoshika kutu kirahisi. Tatizo lao kubwa huwa ni vumbi, sukari ya matunda na mafuta yaliyoganda ndani, na mara nyingi maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, kufungua na kufunga mara kadhaa, kukausha vizuri na tone la mafuta vinatosha kabisa. Okapi, na nyingi za zamani za Opinel, visu vya mkunjo vya Kifaransa, ni za chuma cha kaboni. Hizo hunoleka upesi na hushika makali mazuri, ila hushika kutu upesi vilevile.

La pili, ni rangi gani unaiona. Kutu nyekundu, ile inayoacha unga kidoleni, ndiyo inayokula chuma na ndiyo ya kuondoa. Lakini weusi, au ukijivu wenye ubuluu kwa mbali uliotokana na miaka ya kukata maembe na malimau, si ugonjwa. Ni ngozi ambayo chuma kimejitengenezea, na inasaidia kuzuia kutu nyekundu. Wanaoanza huichukia kwa sababu haing'ai. Mimi naiacha, na wateja wenye visu vya baba zao hunishukuru kwa kuiacha.

Kabla hujaendelea, funga makali kwa tabaka mbili tatu za selotepu. Wengi hudhani kisu butu hakikati. Kinakata, hasa kinapokwama halafu kikaachia ghafla ukiwa umekishika kwa nguvu.

Kikikataa kufunguka, usikivute kwa plaizi. Plaizi huchuna bapa na huweza kuvunja ile sehemu ya kuingiza ukucha. Dondosha mafuta ya cherehani pande zote mbili za ribiti, pale bapa linapozungukia, kilaze ubavu, kiache mpaka kesho. Kesho dondosha tena. Mafuta ya taa yaliyochanganywa na ya cherehani nusu kwa nusu hupenya upesi zaidi, ila yasifike kwenye mpini wa mbao mkavu kwa sababu harufu yake haitoki leo wala kesho. Kisha kishike mgongo wa bapa kwa kipande cha ngozi au mpira wa tairi ya baiskeli, usogeze unywele mmoja mbele, unywele mmoja nyuma. Kutu itaanza kutoka kama uji wa kahawia. Futa, ongeza mafuta, rudia. Kuna kisu kimoja kilinichukua siku tano, na siku ya sita kilifunguka chenyewe kama mlango.

Mafuta ya kupikia usiyatumie hapo, hata kama ndiyo yaliyopo jikoni. Yanalainisha leo, baada ya wiki kadhaa yanakuwa gundi, na vumbi linakaa humo.

Uchafu wa ndani ya ala, lile pango ambamo bapa hulala, utoe kwa kijiti cha mshikaki. Kichonge ncha iwe bapa kama bisibisi, kichovye mafuta, ukikokote kutoka nyuma kwenda mbele. Utashangaa: tumbaku, nyuzi za mfuko, mchanga, wakati mwingine mabaki ya utomvu uliokauka. Mswaki wa zamani unamalizia. Sindano au msumari hukwaruza mle ndani, na mikwaruzo hiyo ndiyo kutu inapoanzia upya.

Kwa kutu ya bapa, nina kifaa ambacho hakiuzwi dukani. Chukua kipande cha waya mnene wa umeme wa shaba, urefu wa kidole, uvue ganda, ukiponde upande mmoja kwa nyundo mpaka kiwe kama patasi ndogo. Shaba ni laini kuliko chuma cha kisu. Ukilipaka bapa mafuta na kuikwangua kutu kwa shaba hiyo, kutu inatoka na chuma hakichuniki. Shika shaba karibu na ncha, ilaze chini, sukuma kwa vidole wala si kwa bega. Utasikia tofauti: juu ya kutu shaba inanguruma kidogo, ukifika kwenye chuma kizima inateleza kimya. Hapo simama, sogea sehemu nyingine. Nikisikia mwanafunzi ameacha kutazama na ameanza kusikiliza, najua ameanza kuelewa.

Baki zake zitoe kwa stilwaya laini sana na mafuta, ukienda mwelekeo mmoja kutoka mpini hadi ncha. Ile ya kusugulia masufuria ni kali mno. Hiyo laini nayo ijaribu kwanza pale karibu na ribiti ambapo hapaonekani.

Siki na limau watu huvisifu sana, na ni kweli asidi yake inayeyusha kutu. Lakini haichagui. Ikimaliza kutu inahamia kwenye chuma, na kisu kilicholazwa ndani ya siki usiku kucha huamka na rangi ya jivu na vitundu kama vya ndui. Ukilazimika, lowesha kitambaa, funika sehemu yenye kutu tu kwa dakika kumi na tano, futa, tazama. Ukimaliza osha kwa maji yenye magadi soda ili kuua asidi, kausha pale pale, paka mafuta. Na mpini usiguse maji hayo. Mbao huvimba, mfupa na pembe hupasuka vikikauka.

Msasa ndio unakuja mwisho, na mara nyingi hauji kabisa. Ukiuhitaji, anza na 600 na mafuta. Kama 600 haitoshi, jiulize kwa nini kabla ya kushuka 400. Maandishi yafunike kwa selotepu.

Mashine ya kusaga ya umeme sitaki kuiona karibu na kisu cha mkunjo. Bapa ni jembamba, joto linapanda kabla vidole havijahisi. Makali yakigeuka rangi ya majani makavu, joto limefika kama nyuzi 220 za Selsiasi. Yakigeuka buluu limekaribia 300, na ugumu wa chuma pale umeondoka. Utakinoa, kitakata asubuhi, mchana kitakuwa butu. Jiwe la mkono na tupa ni vya polepole, lakini haviwezi kukuharibia kwa namna hiyo.

Kisu kinachotikisika kinahitaji nyundo ndogo na mkono mwepesi. Mimi nina kipande cha reli kama fuawe. Tanga tumekuwa na reli tangu Wajerumani walipoanza kuijenga mwaka 1893, na vipande vyake vimetulia kwenye karakana nyingi za hapa. Laza kichwa cha ribiti juu ya reli, gonga kichwa cha juu mara mbili kwa wepesi wa kubisha hodi, kisha fungua na funga. Bado? Mbili tena. Ukikaza kupita kiasi bapa litakwama, na kulegeza ribiti ni kazi ngumu mara kumi. Kujikinga, kata ukanda mwembamba wa kopo la soda, uupenyeze kati ya bapa na ubavu wa mpini kabla ya kugonga. Ukiuvuta nje baadaye, nafasi iliyobaki inatosha bapa kuzunguka bila kuyumba.

Kunoa kuna maneno mengi kuliko inavyostahili. Nyuzi 20 kila upande zinafaa kisu cha mfukoni. Ukitaka kuziona kwa macho, chukua kona ya karatasi, ambayo ni nyuzi 90, ikunje katikati upate 45, ikunje tena upate 22 na nusu. Iweke juu ya jiwe, ulaze kisu kwa kuifuata, kisha ushushe kidogo sana. Njia nyingine: kama bapa lina upana wa milimita 20, inua mgongo wake milimita 7 kutoka kwenye jiwe. Paka makali wino wa kalamu nene ya kuandikia maboksi. Piga jiwe mara tatu, tazama. Wino ukitoka juu tu, umelaza mno. Ukitoka kwenye ncha ya makali tu, umeinua mno. Wino haudanganyi, na utakufundisha upesi kuliko mimi.

Noa upande mmoja mpaka usikie kiukingo cha chuma kimejikunja upande wa pili. Kisikie kwa kupitisha kidole gumba kutoka mgongoni kwenda nje, kamwe si kwa kukifuata makali. Geuza, fanya hivyo hivyo, halafu punguza nguvu kila mara mpaka kisu kijiendee kwa uzito wake. Kumalizia, pindua kikombe cha kauri. Ule mduara wa chini usio na rangi ni jiwe zuri la bure. Kisha mkanda wa zamani wa ngozi, ukivuta kisu kinyumenyume.

Kitu kimoja cha kuangalia kwenye visu vilivyonolewa miaka mingi: funga kisu, tazama kama ncha inachungulia nje ya mpini. Ikichungulia itamchoma mtu mfukoni. Kwenye visu vya springi ya mgongo, chini ya makali, karibu na ribiti, kuna kinundu kinachokaa juu ya springi kisu kikifungwa. Ukikila kwa tupa laini kiasi cha unene wa karatasi, bapa linazama zaidi na ncha inajificha. Lakini ukizidisha, makali yatagonga springi kila unapofunga na yatakufa. Piga tupa mara mbili, funga, tazama.

Mpini wa mbao upe nta ya nyuki, ipashe moto mkononi, paka, acha usiku mmoja, sugua kwa kitambaa. Usiipake vanishi. Jasho la mkono huibandua vipande vipande.

Sisi wa pwani tuna chumvi hewani, kwa hiyo kisu cha kaboni kisilale kikavu. Na kisilale ndani ya ala ya ngozi, kwa sababu ngozi hunywa unyevu na kuushika. Kifunge kwenye kitambaa chenye mafuta kidogo.

Kabla hujamrudishia mwenyewe, chukua kamba ya mkonge unene wa kidole, ilaze juu ya ubao, ikate kwa kuvuta mara moja. Mkonge ni mkatili kwa makali. Inua kisu kwenye mwanga: ukiona mstari mweupe unameremeta kwenye makali, yamejikunja, rudi kwenye kikombe. Ukiona giza mfululizo kutoka mpini hadi ncha, na nyuzi za kamba zimekatika zote bila hata moja kuchomoza, kifute, kikunje, mpigie mwenyewe simu.