Mleta mada, usimsainishe huyo kijana kabla hajaongea na mchezaji wa benchi wa mwaka wa nne

Mleta mada nakuomba, hiyo karatasi isisainiwe wiki hii.

Umeandika kwamba mpwa wako yuko Texas na ana ofa mbili za kucheza futiboli ya Kimarekani chuoni. Moja ni ya kocha aliyeshinda mechi 11 msimu uliopita, nyingine ya chuo kidogo ambacho ukoo mzima hamjawahi kukisikia. Mnaelekea kwa wa mechi 11 kwa sababu "huyo ndiye kocha wa kiwango cha juu kabisa". Halafu ukauliza kocha bora anatambulikaje, kama ni heri wa mashambulizi au wa ulinzi, pesa za jina na sura (anazolipwa mchezaji jina na picha yake vikitumika) zikoje siku hizi, na kama kijana aanze kucheza mwaka wa kwanza au asubiri. Nimeusoma uzi wako nikiwa zamu ya usiku, mikono ikaanza kutetemeka. Hayo maneno ya mechi 11 niliyasema mimi, jikoni kwangu, Desemba 2018.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nahudumia wazee hapa Minnesota, huu mwaka wa 19. Mwanangu wa pili alicheza soka mpaka darasa la tisa, kocha wa shule akamwona mabega, akamhamishia kwenye futiboli. Akawa anacheza pembeni mwa mstari wa mbele wa ulinzi, kazi yake kumkimbilia kwotabeki, yule mrushaji mkuu wa mpira, na kumwangusha kabla hajarusha. Kufika mwaka wa mwisho ana paundi 228 na mbio za swala.

Siku hiyo kocha mkuu mwenyewe alikuja nyumbani. Theluji magotini. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na hapo tu nikaanza kulegea. Nilikuwa nimepika pilau la nyama na sambusa. Alikula sambusa saba, nilizihesabu kwa furaha, nyingine nne nikamfungia kwenye foili aondoke nazo. Akaniita "Mama" kama alivyomsikia mwanangu. Akamshika mume wangu bega akasema kwa miaka minne kijana huyu ni wangu, nitawarudishia mwanamume mwenye digrii. Mume wangu ni mtu wa Pangani, haoneshi kitu usoni, lakini nilimwona anajifuta macho kwa pembe ya shati.

Pembeni kakaa dalali. Jina lake sitaji, ila ni Mtanzania mwenzetu, anajiita mshauri wa vipaji, ametutoza dola 1,200 "kumuunganisha kijana na vyuo". Tulikuwa na ofa nyingine, ya chuo kidogo mwendo wa saa nne kwa gari kutoka kwetu. Kocha wa pale alikuwa na miaka 12 kwenye timu ileile, na alituambia chukueni namba ya mchezaji yeyote mnayemtaka, mpigieni mkiwa peke yenu. Dalali akacheka. Akasema kocha anayekupa namba za wachezaji ni kocha asiye na la kujivunia. "Kocha ni rekodi," akasema, "na rekodi haidanganyi."

Rekodi inadanganya! Inadanganya mchana kweupe! Kocha Gene Chizik akiwa chuo cha Auburn mwaka 2010 alishinda mechi zote 14 na ubingwa wa taifa, akiwa na Cam Newton kama kwotabeki. Newton akaenda ligi ya kulipwa. Mwaka 2012, miaka miwili tu baadaye, kocha yuleyule alishinda 3 na kupoteza 9, mechi zote 8 za SEC, lile kundi la vyuo wanaloshindania, akafungwa, akafukuzwa. Kocha Ed Orgeron na chuo cha LSU mwaka 2019 walishinda 15 kwa 15 wakiwa na kwotabeki Joe Burrow. Msimu uliofuata walishinda 5 wakapoteza 5, na Oktoba 2021 ikatangazwa kwamba wanaachana. Hao ni makocha halali, vikombe vyao ni halali, lakini ukiangalia msimu mmoja unaweza kudhani unamwona kocha kumbe unamwona kwotabeki. Ya Orgeron yalikuwa bado hayajatokea siku ile, lakini ya Chizik yalikuwa yanajulikana, na dalali wetu alikuwa anaishi kwa kuuza ujuzi wa mambo haya.

Tukasaini. Na hapa nataka unisikilize vizuri. Karatasi yenyewe ya kujifunga na chuo, ile ya enzi hizo, iliandikwa wazi kwamba unasaini na chuo, husaini na kocha, na kocha akiondoka wewe bado umefungwa. Niliisoma kwa sauti mezani, kidole kwenye mstari. Nikamuuliza dalali, hii maana yake nini? Akasema ni lugha ya wanasheria, kila karatasi inayo. Nikageuza ukurasa. Karatasi ile ilifutwa 2024, siku hizi mnasaini mkataba wa ufadhili, lakini mkataba ni uleule wa kati yako na chuo. Kocha hayumo.

Mwanangu aliingia kiangazi cha 2019. Msimu wa kwanza hakuchezeshwa, sawa, hilo ni la kawaida. Desemba kocha akachukuliwa na chuo kikubwa zaidi. Mwanangu alijua kupitia simu ya mwenzake, wako kwenye foleni ya chakula. Kikao cha kuwaaga kilichukua dakika sita. Mtu aliyekula pilau langu hakumpigia hata mara moja, wala mimi hakunitumia ujumbe wa "Mama, nimeondoka".

Akaja kocha mpya na mfumo mpya. Wa zamani alipanga watu wanne mstari wa mbele, kwa hiyo wa pembeni anaweza kuwa mwepesi mwenye kasi. Mpya anapanga watatu, na hapo wa pembeni lazima awe gogo la mtu, paundi 270 na zaidi, maana anabeba wazuiaji wawili. Mwanangu akawa si wa mbele tena, na kwa kucheza nyuma hajawahi kufundishwa. Machi 2020 korona ikafunga mazoezi ya masika, hivyo kocha mpya hakumwona hata akikimbia. Kisha NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ikampa kila mchezaji mwaka wa ziada, wakubwa waliotakiwa kumaliza wakabaki, nafasi zikajaa. Januari 2021 wakamwita ofisini wakamwambia kwa upole kwamba "itakuwa vizuri kwake" atafute pengine.

Akaingia kwenye potali ya uhamisho, ile orodha ya wachezaji wanaotafuta chuo kingine, hana video ya mechi hata moja ya chuo. Kanuni ya kuhama mara moja bila kukaa nje msimu mzima ilipita Aprili mwaka huo, na kila mtu akafurahi, ila kwetu maana yake ilikuwa umati mkubwa zaidi unaogombea viti vilevile. Simu haikulia. Mwishowe akachukuliwa na chuo cha daraja la pili, ambako ufadhili kamili 36 unagawanywa vipande vipande kwa timu nzima. Yeye alipata robo, robo tatu tukabeba sisi. Uniti 22 alizosoma chuo cha kwanza zikakataliwa, akarudia masomo ambayo alishayafaulu kwa B. Mimi nikaongeza zamu za wikiendi miaka mitatu. Alimaliza Mei 2024, namshukuru Mungu, ni mhandisi msaidizi sasa. Lakini futiboli haangalii tena. Mechi ikiwashwa sebuleni anatoka nje kwenda kuosha gari, hata kama limeoshwa jana.

Na ile nafasi tuliyoikataa ilichukuliwa na rafiki yake wa shule moja. Alicheza miaka minne pale, kocha yuleyule mwanzo hadi mwisho.

Kanuni yangu sikuipata kwa dalali. Niliipata kwa mzee niliyekuwa namhudumia usiku, aliyefundisha futiboli ya sekondari zaidi ya miaka 30. Usiku usingizi ukimkataa tunaongea. Nilipomsimulia alikaa kimya, kisha akasema: ukitaka kumjua kocha usimwangalie nyota wake, mtafute kijana wa mwaka wa nne ambaye haanzi mechi, yuko benchi, na bado yupo, muulize kwa nini yupo. Akanieleza habari za kocha John Gagliardi wa chuo cha St. John's, hapahapa Minnesota, daraja la tatu ambako hakuna ufadhili wa michezo kabisa. Alishinda mechi 489, hakuna kocha wa chuo aliyefikia, na mazoezini hakuruhusu kuangushana wala hakupuliza filimbi, na hakuna kijana aliyekatwa kwenye timu. Vijana wasiolipwa chochote, wengine wasioingia uwanjani, walibaki miaka minne. Kuna kitu walikuwa wanapewa.

Tangu hapo nimewasoma hawa watu mmoja mmoja kwa jicho hilo, na kipimo hakijanidanganya. Bill Snyder alipokabidhiwa timu ya chuo cha Kansas State mwishoni mwa 1988, timu ilikuwa imecheza mechi 27 bila kushinda. Mwaka wake wa kwanza alishinda moja. Moja! Kwa kipimo cha dalali wangu huyo ni wa kukimbiwa. Kufika 1998 walimaliza msimu wa kawaida bila kufungwa, kwa vijana wengi ambao vyuo vikubwa havikuwataka, wa vyuo vya miaka miwili na waliojitokeza bila ufadhili. Au Nick Saban: mwaka wake wa kwanza chuo cha Alabama, 2007, alishinda 7 akapoteza 6, akafungwa na chuo kidogo cha Louisiana-Monroe nyumbani kwake. Kisha vikombe sita vya taifa palepale, juu ya kile cha LSU cha 2003. Wasaidizi wake walikuwa wanachukuliwa karibu kila mwaka na kazi haikusimama, na mmoja wao, Kirby Smart, akaenda Georgia akatwaa ubingwa 2021 na 2022. Kocha akiondokewa na watu na vijana wakaendelea kukua, hapo kuna kocha.

Ila ninayempenda ni Eddie Robinson wa chuo cha Grambling, Louisiana. Alianza 1941, akaacha 1997, ushindi 408, wachezaji zaidi ya 200 wakaenda ligi ya kulipwa, akiwemo Doug Williams, kwotabeki wa kwanza mweusi kushinda Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, Januari 1988. Alianza enzi ambazo vyuo vya wazungu vya kusini havikumpokea kijana mweusi. Na huyu mzee, pamoja na ukubwa wote huo, alikuwa anapita bwenini asubuhi anagonga kengele ya ng'ombe, anaamsha vijana waende darasani. Kengele ile ilimwamsha nyota na iliwaamsha wa benchi. Mimi mtu akiniuliza kocha wa kiwango cha juu kabisa ni nani, naisikia hiyo kengele.

Najua kuna watakaosema mambo yamebadilika, siku hizi ukichoka unahama tu. Ndiyo, tangu 2024 unaweza kuhama kila mwaka ukitaka, na hiyo inafanya kipimo changu kiwe kikali zaidi. Kocha naye anaweza kuleta mtu mzima wa miaka 23 kwenye nafasi ya mpwa wako kesho asubuhi. Kocha Curt Cignetti alikuta chuo cha Indiana kimeshinda 3 mwaka 2023, akashinda 11 mwaka 2024, na alikuja na wachezaji wake kadhaa kutoka James Madison, chuo alichokuwa akifundisha kabla. Ni kocha mkubwa, simpingi, ukocha mkuu aliuanzia daraja la pili akapanda ngazi kwa kazi. Lakini mimi nafikiria yule kijana aliyekuwa Indiana kabla yake, yuko benchi, mama yake kapika. Na kikosi kwenye vyuo vingi vikubwa sasa kimewekewa kikomo cha watu 105, kwa hiyo wa benchi ndiye anayepungua kwanza.

Mmesema mnatembelea chuo Jumamosi ijayo. Watawaonesha chumba cha vyuma, viatu vipya, jezi yenye jina lake tayari mgongoni, na ataipenda. Mwambie dada yako asipige picha nyingi. Mpwa wako aombe kula chakula cha jioni na wachezaji bila kocha yeyote mezani. Atafute wa mwaka wa nne asiyeanza mechi, amuulize matatu tu: ulifika hapa na paundi ngapi na sasa una ngapi? Nani amekurekebisha wiki hii, na alikurekebisha nini? Ulipoumia au ulipofeli somo, nani alikupigia simu? Mwenye kocha atajibu kwa majina, haraka, mdomo umejaa chakula. Akigeuka kuangalia mlango kabla ya kujibu, rudini nyumbani. Na wasipoweza kumpata mtu wa namna hiyo timu nzima, kwamba wa mwaka wa nne ni wanaoanza tu na wengine wote wamehama, hapo pia rudini nyumbani.

Kisha aende kule chuo kidogo aulize yaleyale.

Nina daftari nililoandika maswali mengine ambayo dada yako amuulize kocha wa nafasi, yule msaidizi anayefundisha nafasi anayocheza kijana, maana huyo ndiye atakayeshinda na kijana kila siku. Nitumie namba PM. Natoka zamu saa moja asubuhi ya huku, hapo Dar ni saa kumi jioni. Nitakupigia leo, na dada yako muunganishe.